Vidonge vya Basel, Viuno vya Kilombero

Mwaka 1949 ndipo Rudolf Geigy, profesa wa zuolojia kutoka Basel, Uswisi, alipofika Ifakara, katika bonde la Kilombero, kwa mara ya kwanza. Mwaka huohuo kampuni ya J. R. Geigy, ya mji huohuo, ilianza kuuza dawa mpya ya baridi yabisi na jongo iitwayo fenilibutazoni, ambayo dukani ilipewa jina la Butazolidin. Majina hayo hayakufanana kwa bahati nasibu: profesa alikuwa mtoto wa ukoo ulioanzisha kampuni ile mwaka 1758, enzi ambazo ilikuwa bado inauza viungo na rangi za nguo. Safari ya profesa imesimuliwa sana, na kwa haki. Safari ya vidonge haisimuliwi. Lakini mkulima wa mpunga wa Mang'ula au Mngeta, ambaye huenda hajapata kulisikia jina la Basel, ana kitu cha Basel ndani ya nyumba yake: bahasha ndogo ya dawa za mgongo, iliyochomekwa mahali ambapo watoto hawafiki.

Geigy alikuja kutafuta wadudu. Aliwataka papasi, wale wanaojificha kwenye nyufa za nyumba za udongo na kuambukiza homa ya vipindi; aliwataka na mbung'o wa malale. Wenyeji wake walikuwa watawa Wakapuchini wa Uswisi, waliokuwa na misheni bondeni tangu miaka ya 1920 pamoja na masista wa Baldegg, na hospitali yao ya Mtakatifu Fransisko, alikokuwa akifanya kazi daktari Karl Schöpf. Mwaka 1957 maabara ndogo ya Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Uswisi ilifunguliwa Ifakara, na mwaka 1961 kikafuata kituo cha kufundisha waganga wasaidizi wa vijijini. Maabara ile ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Ilijaribu chanjo ya malaria ya SPf66 huko Idete mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikasambaza vyandarua vyenye dawa kupitia mradi wa KINET, na ikamchunguza mbu wa Kilombero mpaka tabia zake zikajulikana kuliko za diwani wa kata. Mgongo wa yule anayeng'atwa na mbu huyo haukupata heshima ya namna hiyo.

Na mgongo huo una kazi. Mpunga wa bondeni huanza kwa jembe la mkono, pale ambapo trekta au pawatila haijafika. Kisha kuna kupalilia kwa kuinama, miguu ikiwa ndani ya tope. Kuna kuamia ndege kuanzia alfajiri hadi jua lizame. Kuna kuvuna kwa mundu, shina kwa shina, kiuno kikiwa kimekunjwa saa nzima kabla mtu hajakumbuka kujinyoosha. Kuna kupiga, kupepeta, kuanika. Halafu linakuja gunia.

Gunia la mpunga linastahili kuangaliwa kwa karibu. Kisheria halitakiwi kuzidi kilo 100. Lakini kuna lumbesa, gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kichwa juu, nafaka ikishikiliwa kwa kipande cha gunia jingine na kushonwa kwa kamba. Mnunuzi analipia gunia moja na kuondoka na moja na ushee. Hilo la bei limepigiwa kelele na serikali kwa miaka mingi. Lisilosemwa sana ni kwamba lumbesa halijibebi. Kwenye mashine za kukoboa za Ifakara, kuli anainama, wenzake wawili wanalinyanyua na kulilaza kati ya shingo na bega, anainuka, anageuka na mzigo huku nyayo zikiwa zimetulia palepale, kisha anapanda ubao kuelekea kwenye lori. Kule kugeuka ndiko kunakoumiza. Mgongo ulioinama na kujipinda kwa wakati mmoja chini ya uzito ndio mkao mbaya kuliko yote kwa diski.

Diski ni kipande cha gegedu kinachokaa kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo. Nje ina ukanda mgumu wa matabaka mengi. Ndani ina ute mzito unaopokea mgandamizo. Ukanda ukichanika, ute husukumwa nje, na mara nyingi hukutana na mzizi wa mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Hapo mgonjwa huwa na lugha yake: kiuno kinawaka moto, maumivu yanashuka kwenye tako, nyuma ya paja, hadi kidole cha mguu, mguu unakufa ganzi, ukikohoa unaona nyota. Kwa muda mrefu hata madaktari hawakujua kisa. Walisema ni baridi yabisi au mshipa umevimba wenyewe. Ni mwaka 1934 tu ambapo William Jason Mixter na Joseph Barr wa Boston, Marekani, walichapisha maelezo yaliyowashawishi wenzao kwamba diski iliyopasuka ndiyo inayobana mshipa.

Nikiri hapa kwamba sayansi haiwapi wakulima haki yote wanayoidai. Mwaka 1995 watafiti waliowapiga picha za mgongo mapacha wa Ufini waligundua kwamba kuchakaa kwa diski kulifuata urithi wa damu zaidi kuliko kazi nzito. Ndugu wawili, mmoja dereva na mwingine karani, wangeweza kuwa na diski zilizochakaa kwa kufanana. Kuli wa Ifakara atabisha, na ana hoja: diski iliyochakaa kwenye picha si lazima iume, na inapouma, karani anaweza kukaa nyumbani wiki mbili. Kuli hawezi. Tofauti hiyo ndiyo iliyofanya dawa ya maumivu iwe na historia ndefu bondeni kuliko tiba nyingine yoyote ya mgongo.

Kabla ya vidonge kulikuwa na mikono. Watu walichua kwa mafuta, waliumika kwa chuku, walichanja chale na kusugua dawa za mizizi, na mengi ya hayo yapo mpaka leo. Maumivu ya kiuno kwa mwanaume yalihesabiwa mara nyingi kuwa ngiri, na dawa ya ngiri ikatafutwa. Kwa mwanamke yalipewa maelezo ya tumbo la uzazi. Hapakuwa na ujinga zaidi katika hayo kuliko huko Ulaya walikokuwa wakiwalaza wagonjwa wiki nzima juu ya mbao. Kidonge cha kwanza cha kizungu kilichofaa kwa mgongo kilikuwa aspirini, iliyotengenezwa na Felix Hoffmann katika kampuni ya Bayer ya Ujerumani mwaka 1897 na kuanza kuuzwa 1899, wakati Ifakara ikiwa chini ya Wajerumani haohao.

Butazolidin ilikuwa na nguvu kuliko aspirini, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Ilituliza uvimbe kwa haraka, mgonjwa wa mgongo akainuka kitandani. Ila kwa wachache iliua uboho, yaani kiwanda cha damu kilichomo ndani ya mifupa, chembe nyeupe zikaisha, na mtu akafa kwa maambukizi ambayo mwili wake haukuweza tena kupigana nayo. Mwaka 1983 Olle Hansson, daktari wa mishipa ya fahamu wa Sweden aliyekuwa mwiba kwa kampuni hiyo ya Basel kwa miaka mingi, alifichua taarifa ya ndani iliyoorodhesha vifo 1,182 vilivyohusishwa na Butazolidin na ndugu yake Tanderil. Miaka miwili baadaye kampuni ilitangaza kuiondoa Tanderil na kuibana Butazolidin kwa magonjwa machache. Leo fenilibutazoni inajulikana zaidi na madaktari wa farasi.

Kwa nini dawa inayotuliza mgongo iguse damu, tumbo na figo? Jibu la sehemu kubwa ya swali hilo lilitoka London mwaka 1971, pale John Vane alipoonyesha kwamba aspirini na jamaa zake huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoamsha uvimbe na maumivu. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1982 pamoja na Wasweden wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Lakini prostaglandini hizohizo hulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi yake, na huzifungulia figo damu mwili unapopungukiwa maji. Ukizima moto wa mgongoni unazima na jiko la jikoni. Kidonda cha tumbo cha mtu anayemeza vidonge vya mgongo bila kula si bahati mbaya. Ni dawa ileile ikifanya kazi ileile mahali pengine.

Wakati Vane anaeleza hayo, Basel ilikuwa tayari kazini. Geigy na Ciba zilikuwa zimeungana mwaka 1970. Wanakemia wao Alfred Sallmann na Rudolf Pfister walikuwa wakitafuta dawa yenye nguvu ya Butazolidin isiyo na hatari zake kwa damu. Waliziangalia dawa zilizokuwepo, wakapima asidi yake, namna inavyopenya kwenye mafuta, na umbo la molekuli yake, kisha wakaichora dawa yao juu ya karatasi kabla ya kuipika. Hivyo wakapata diklofenaki. Mwaka 1974 ikaingia sokoni Japani kwa jina la Voltaren. Ni nadra dawa ya aina hii kupatikana kwa mpango badala ya kubahatisha, na kwa hilo wawili hawa wanastahili sifa kubwa kuliko wanayopewa.

Diklofenaki haikufika bondeni kwa haraka. Hospitali ya misheni ilikuwa na njia zake za kuagiza dawa, ila zahanati za serikali zilizojengwa kwa wingi baada ya Azimio la Arusha zilitegemea kilichotoka Dar es Salaam, na mara nyingi hakikutoka. Mpango wa Dawa Muhimu ulianza 1983–84 kwa fedha za Denmark kupitia UNICEF. Kila mwezi zahanati ilipata maboksi yaliyofungwa, yenye idadi ileile ya dawa zilezile, nchi nzima. Kwa maumivu, boksi lilileta aspirini na parasetamoli. Mgonjwa wa diski alipata vidonge vilevile alivyopewa mwenye homa, na akarudi shambani navyo.

Kilichobadilisha mambo ni miaka ya 1990. Wagonjwa walianza kuchangia gharama hospitalini, biashara ikafunguliwa, na maduka ya dawa baridi yakaota kando ya kila soko, kuanzia Ifakara mjini hadi Mlimba kwenye stesheni ya TAZARA. Hati miliki ya diklofenaki ilikuwa imekwisha nguvu, na viwanda vya India na vya hapa nyumbani vikaitengeneza kwa bei ambayo hata kuli anaimudu. Zikaja na zile za mchanganyiko, ambapo kidonge kimoja kina diklofenaki na parasetamoli, maarufu kwa jina la Diclopar. Muuzaji huzihesabu juu ya kaunta kwa kisu, anazisukumia kwenye bahasha ya nailoni, anaandika "1×3" kwa kalamu, na mazungumzo yanaishia hapo. Moja kutwa mara tatu, kwa siku ngapi? Mpaka ziishe. Zikiisha? Unakuja tena. Mwenye haraka huomba sindano ya diklo kwenye tako, akiamini inafika kwenye mgongo kwa njia ya mkato. Sindano haina nguvu ya kushinda kidonge kwa maumivu ya siku nyingi, na ikichomwa vibaya inaweza kuujeruhi mshipa mkubwa unaopita ndani ya tako, uleule ambao diski ilikuwa inaubana.

Bondeni kuna jambo la ziada ambalo mji haulijui. Msimu wa mvua familia nyingi huhama kijiji na kwenda kuishi kwenye vibanda vya shambani, wengine juu ya dungu, kwa miezi kadhaa, mbali na zahanati yoyote. Kuanzia mwaka 2003 watafiti wa Ifakara, kwa fedha za mfuko wa hisani wa Novartis, waliifuatilia tabia hii katika wilaya za Kilombero na Ulanga ili kujua mtu akipata homa kule anapataje tiba. Kazi yao ilisaidia kuonyesha umuhimu wa maduka ya dawa, ambayo mfumo wake mpya wa duka la dawa muhimu ulianzia Ruvuma mwaka huohuo na baadaye ukafika Morogoro. Novartis ilizaliwa mwaka 1996, Ciba-Geigy ilipoungana na Sandoz, na ndiyo iliyotengeneza dawa ya mseto ya malaria iliyochukua nafasi ya SP, dawa ya malaria iliyotangulia. Kwa hiyo nyumba ileile ya Basel ilikuwa ikihesabu dozi za malaria kwenye rafu ambazo hatua mbili pembeni yake zilisheheni uzao wa Sallmann na Pfister, usiohesabiwa na mtu. Silaumu. Homa ilikuwa ikiua watoto, kiuno kilikuwa hakiui. Lakini mtu anayepakia vidonge vya miezi miwili kwenye begi kabla ya kuvuka mto anakwenda kuvimeza mahali penye jua kali, maji kidogo na kazi nyingi, na hayo matatu pamoja na diklofenaki ndiyo yanayozichosha figo. Mwenye shinikizo la damu anaongezewa presha bila kujua. Tena kidonge cha mgongo hushusha homa, kwa hiyo malaria inaweza kujificha nyuma yake siku mbili tatu.

Figo zinazochoshwa na diklofenaki si za watu tu: mwaka 2004 ilithibitika kwamba ndiyo iliyokuwa ikiwamaliza tai wa Asia ya Kusini, waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo. Figo zao zilifeli ndani ya siku chache. India, Pakistani na Nepali ziliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Wafugaji walioingia bonde la Kilombero na makundi makubwa ya ng'ombe ingewafaa kuisikia habari hiyo.

Kuna maumivu ambayo diklofenaki haiyafikii vizuri, nayo ni yale ya mshipa wenyewe: mchomo, umeme, ganzi. Hapa pia Basel ilitangulia. Mwaka 1953 Walter Schindler wa Geigy alitengeneza kabamazepini, iliyokuja kuwa dawa ya kifafa na ya maumivu makali ya mishipa ya uso. Baadhi ya madaktari waliwapa nayo wagonjwa wa diski, kama walivyowapa amitriptilini, dawa ya sonona. Fikiria mgonjwa wa kiuno kutoka Mahenge anayeambiwa ameze dawa ya kifafa. Milima ya Mahenge, ng'ambo ya bonde, ina kifafa kingi kuliko sehemu nyingi duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norwei, alianzisha kliniki huko baada ya kuona wagonjwa wakitengwa, wakila peke yao, wakiogopwa hata mate yao. Katika jamii hiyo jina la dawa peke yake linatosha kuvunja nyumba. Mganga asiyechukua dakika tano kueleza kwamba dawa moja ina kazi mbili asishangae bahasha ikiishia chooni.

Baada ya hapo zikaja gabapentini na pregabalini, ghali zaidi, zenye matumaini makubwa zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Sydney, Australia, waliwagawa wagonjwa 209 wenye maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni. Nusu wakapewa pregabalini, nusu kidonge kitupu. Maumivu ya mguu hayakutofautiana, ila waliopewa dawa walipata kizunguzungu zaidi. Miaka mitatu kabla, katika mji huohuo, watu zaidi ya 1,600 wenye maumivu mapya ya kiuno walipewa parasetamoli au kidonge kitupu, na makundi yote yalipona kwa wastani wa siku 16 au 17. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kwanza wa maumivu sugu ya kiuno, liliziacha dawa za jamii ya diklofenaki zitumike kwa uangalifu na likakataa dawa za jamii ya afyuni kuwa tiba ya kawaida. Mazoezi na elimu viliwekwa mbele.

Sababu ya vidonge vitupu kufanya vizuri namna hiyo imo ndani ya diski yenyewe. Ute uliotoka nje huonwa na mwili kama mgeni. Chembe za kinga huuvamia, hali inayoongeza uvimbe na maumivu ya wiki za mwanzo, kisha huula taratibu mpaka unasinyaa. Wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya wiki sita hadi miezi mitatu bila kisu. Kazi halali ya diklofenaki ni kumwezesha mtu kulala, kutembea na kujinyoosha wakati huo unapita. Kidonge hakirudishi ute mahali pake wala hakishoni ukanda. Bondeni kilipewa kazi nyingine, ya kumrudisha mtu chini ya lumbesa siku ya tatu, ukanda ukiwa bado wazi, na kwa kuwa hakuna anayelipwa akiwa amelala, sioni muuzaji wa dawa angemshauri vipi tofauti hata kama angekuwa na saa nzima ya kuzungumza naye.

Wapo wachache ambao wiki sita hazina maana kwao. Mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, ganzi ikienea mahali ambapo mtu hugusa tandiko akipanda baiskeli, miguu yote ikilegea, diski imebana fungu zima la mishipa na saa zinahesabika. Huyo hahitaji bahasha. Anahitaji hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambayo tangu 2010 ina chuo kikuu cha tiba ubavuni mwake, na mara nyingi anahitaji kufikishwa mbali zaidi, Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliyoanzishwa mwaka 1996. Aliyetoka Malinyi au Mahenge alilazimika kwanza kusubiri kivuko cha Kilombero, na mto ulipofurika alisubiri mpaka upungue. Daraja la mita 384 lilizinduliwa Mei 2018. Kutoka hapo mgonjwa anaingia Ifakara mjini kwa gari bila kusimama, na iliyobaki ni safari ya Kidatu, Mikumi na Morogoro, akiwa amelazwa ubavu kwenye kiti cha nyuma.